Vijana wa ukaguzi wa hesabu Mombasa: saa 66 kwa wiki, zinaandikwa 40

Jirani wa Tononoka

Asalaam aleikum wandugu. Swali hili ni la wanaozijua sheria za kazi na wanaozijua kampuni za ukaguzi na ushauri kwa ndani. Pole na maombi tushapata ya kutosha.

Kuna vijana sita, wamemaliza chuo na wako katikati ya CPA (mitihani ya uhasibu), wameajiriwa na kampuni ya ukaguzi na ushauri hapa mjini. Jina la kampuni naliacha. Barua ya kazi ni ukurasa mmoja: mshahara wa msingi shilingi 45,000, majaribio miezi sita "yanayoweza kuongezwa", na saa za kazi "kulingana na mahitaji ya mteja". Basi.

Msimu wa Januari mpaka Aprili, na tena Juni ritani za kodi zikikaribia, wanaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa tatu usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mapumziko ya mchana ya saa moja. Jumamosi ni saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri bila kupumzika. Kwenye taimushiti wanatakiwa waandike saa 8 kwa siku na Jumamosi waache wazi. Ukiandika 12, meneja anakurudishia "uirekebishe". Wakitumwa Diani au Kilifi kukagua hoteli, nauli na chakula watoe mfukoni, kisha wangoje mwezi na zaidi kurudishiwa.

Wawili kati yao wameitwa "washauri" na hukatwa kodi ya asilimia 5 tu. Watatu wamelipiwa mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, wakatia saini kwamba wakiondoka kabla ya miaka miwili watarudisha karo yote, na vyeti vyao asili vimefungiwa kabatini kwa meneja. Wote sita, pamoja na wengine watatu, hukaa chumba kimoja ambacho kiyoyozi chake huzimwa na wenye jumba saa kumi na mbili jioni. Joto la Machi mwalijua.

Ni kipi hapa kinachodaika, kinahesabiwaje, na mtu aanzie wapi bila kujiharibia jina? Mji wenyewe mdogo, mapatna, wenye hizi kampuni, wote wajuana.

Wakili wa Pwani

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na saa, maana ndiko pesa ziliko.

Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe haitaji idadi ya saa kwa wiki. Kifungu cha 27 kinamtaka mwajiri apange saa za kazi na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Idadi utaikuta kwenye Agizo la Jumla la Mishahara: saa 52 kwa wiki zilizogawanywa katika siku sita, kwa kazi ya mchana. Ukipita hapo ni ovataimu, mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu za taifa. Ovataimu nayo ina kikomo: ukijumlisha saa za kawaida na za ziada, zisipite 116 katika wiki mbili zinazofuatana.

Thamani ya saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225. Hapo ni 45,000 ÷ 225 = shilingi 200. Kwa hiyo ovataimu ya siku ya kawaida ni 300 kwa saa, ya Jumapili ni 400. Sasa wiki yao: saa 12 mara siku tano ni 60, ongeza 6 za Jumamosi, 66. Toa 52, zabaki 14. Mara 300, shilingi 4,200 kwa wiki. Msimu wa wiki 17 ni shilingi 71,400 kwa kila kijana, kabla hujagusa Juni. Na kwa wiki mbili wanafikisha 132, wamepita kikomo kwa saa 16. Hizo 16 hata zikilipwa, agizo limevunjwa.

Kama barua ingetaja saa chache zaidi, tuseme 45 kwa wiki, dai lingeanzia hapo. Haitaji, na kutotaja ni kosa la mwajiri. Kifungu cha 10 kinataka saa za kazi ziwe kwenye maelezo ya maandishi, si zaidi ya miezi miwili tangu mtu aanze kazi. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kutoa maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake. "Kulingana na mahitaji ya mteja" si saa za kazi.

Kampuni nyingine huingiza sentensi kwamba mshahara "umejumuisha saa zote za ziada". Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 48, inasema masharti ya agizo la mishahara hayapunguzwi kwa makubaliano. Lakini mtu akishapanda kuwa meneja mwenye kusimamia wengine, dai la ovataimu hudhoofika sana, kwa hiyo wasimshirikishe meneja wao wakidhani wako jahazi moja.

Watazame pia kama barua inasema mshahara ni "wa jumla, pamoja na nyumba". Kama inasema tu "mshahara wa msingi 45,000" na hakuna nyumba wala marupurupu ya nyumba, agizo hilohilo linatoa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ni shilingi 6,750 kila mwezi ambazo watu wengi hawazidai kwa kutojua.

Penye ugumu ni ushahidi. Dai la ovataimu lisilo na tarehe na saa huanguka. "Tulikuwa tunachelewa kutoka kila siku" haimsaidii hakimu. Na hapa taimushiti zenye saini yao wenyewe zinasema saa 8.

Ngazi ya Tatu

Wakili amegusa kidonda chenyewe. Ngoja nieleze hizo saa zinaliwa vipi, maana vijana wengi hudhani meneja ni mkali tu.

Ukaguzi huuzwa kwa bei moja iliyokwisha kukubaliwa, si kwa saa. Chukua mfano: kazi ya kampuni ya kuondoa mizigo bandarini imeuzwa kwa makadirio ya saa 240. Kazi halisi ikala 340. Meneja anapimwa kwa uwiano wa ada dhidi ya thamani ya saa zilizoandikwa. Zikiandikwa 340, kazi yake itaonekana imetia hasara. Zikiandikwa 240, ripoti ni safi. Zile 100 zimemezwa na vijana watatu.

Ubaya wa pili huja mwaka unaofuata. Patna akipanga bei mpya, anafungua faili, anaona 240. Anapanga 240 tena, au 220 kwa sababu "tumeshaizoea kazi". Hakuna mtu katika jengo zima aliye na namba ya kweli. Kijana anayeandika uongo Februari anajipangia Februari nyingine kama hiyo, yeye au mdogo wake atakayemrithi dawati.

Kwa hiyo la kwanza: kila mmoja aweke daftari lake mwenyewe, nje ya mfumo wa ofisi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila usiku kabla ya kulala aandike tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, kazi ya nani kwa alama yake mwenyewe (M1, M2, si jina la mteja), na nani alimwagiza abaki. Mstari mmoja watosha. Ukiandika wiki nzima kwa mkupuo siku ya Ijumaa, utakosea, na wakili wa upande wa pili atauona wino uleule na mwandiko uleule, na kazi ikaisha hapo.

La pili ni vielelezo vya kuunga daftari mkono. Ujumbe wa WhatsApp wa meneja wa saa mbili na nusu usiku unaosema "malizeni hiyo sehemu ya stoku leo" una thamani kuliko mashahidi wawili. Risiti za teksi za programu zina saa na mahali pa kupandia. Daftari la walinzi wa jumba pale chini, la kuingia na kutoka baada ya saa za kazi, ni ushahidi mzuri mno. Usilipige picha kwa kificho. Likumbuke tu, wakili ataliomba kwa utaratibu.

Wasithubutu kunakili faili za mteja, karatasi za kazi za ukaguzi, wala kujitumia barua pepe za ofisi kwenye anwani zao za binafsi. Hapo ndipo madai mazuri hufia. Mwajiri huacha kuzungumzia ovataimu, anaanza kuzungumzia kuvuja kwa siri za mteja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kijana anajikuta yeye ndiye mshtakiwa.

Taimushiti ikirudishwa, jibu kwa maandishi, kwa adabu: "Nimebadilisha kuwa 8 kama ulivyoagiza, saa nilizofanya zilikuwa 12." Kisha nyamaza. Usibishane. Hiyo sentensi moja ndiyo itakayoipindua saini yako siku ikifika.

Bi Hesabu

Nitaongea juu ya hao wawili walioitwa washauri, maana wanaonekana wana nafuu na kumbe ndio walioumia zaidi.

Fanyeni hesabu. Mwajiriwa wa 45,000 hukatwa NSSF asilimia 6 (2,700), SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75 (1,237.50), tozo ya nyumba asilimia 1.5 (675), na PAYE, kodi ya mshahara, ya kama 4,500. Anabaki na takribani 35,900. "Mshauri" wa 45,000 hukatwa 5%, yaani 2,250, anaondoka na 42,750. Kila mwezi anamcheka mwenzake.

Mwaka ukiisha anatakiwa awe amewasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni, na ile 5% ilikuwa malipo ya awali tu. Kwa mapato ya 540,000 kwa mwaka bila gharama za kutoa, kodi yake ni takribani 70,600. Ameshakatwa 27,000. Anadaiwa kama 43,600 kwa mkupuo, na asipolipa riba na faini zinaanza kupanda. Hapo SHIF ajilipie mwenyewe, NSSF hana senti ya mwajiri, akiugua hana siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara ambazo mwajiriwa hupata baada ya miezi miwili ya kazi, na zile siku 21 za likizo ya mwaka asahau.

Kuitwa mshauri hakumfanyi mtu kuwa mshauri. Mahakama hutazama hali yenyewe ya kazi: anaambiwa aingie saa ngapi? Anatumia kompyuta ya nani? Anaweza kumtuma mtu mwingine amfanyie? Ana wateja wengine? Anaomba ruhusa akitaka kwenda hospitali? Kijana anayekaa dawati lilelile saa 66 kwa wiki chini ya meneja yuleyule ni mwajiriwa, hata hati yake iwe na kichwa gani.

Na hao wanne waliobaki wasijione salama kwa kuona makato kwenye hati ya mshahara. Kukatwa ni kitu kimoja, kupelekwa ni kingine. Waingie kwenye akaunti ya NSSF waone kama kila mwezi umeingia, sehemu yao na ya mwajiri. Kwa PAYE, waombe fomu ya P9, ya makato ya mwaka, na kuilinganisha na kinachoonekana kwenye iTax, mtandao wa kodi; mwajiri anatakiwa kuilipa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Aliye na shida na mtandao, Huduma Centre ya pale posta kuu, Digo Road, watamsaidia. Kampuni ya ukaguzi inayokagua PAYE za watu huku za kwake haipeleki, aibu iliyoje, lakini hutokea.

Jirani wa Tononoka

Nashukuru sana, Bi Hesabu na wote. Hilo la 43,600 hawakuwa wanalijua kabisa.

Maswali mawili yamebaki. Wako ndani ya majaribio, na wameambiwa aliye kwenye majaribio "hana haki". Je, wakilalamika hawatafukuzwa kesho yake? Na ile karo na vyeti?

Wakili wa Pwani

Majaribio kwanza. Kifungu cha 42: yasizidi miezi sita, na kuongezwa ni kwa idhini ya mfanyakazi, si zaidi ya miezi mingine sita. Mwajiri hawezi kunyamaza tu mwezi wa saba ukapita halafu aseme ungali kwenye majaribio. Notisi ya kuachana ndani ya kipindi hicho ni siku 7 au mshahara wa siku 7. Zamani mwajiri hakulazimika kumsikiliza mtu wa majaribio kabla ya kumwondoa. Mwaka 2021 jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi lilisema kumnyima nafasi ya kusikilizwa kunapingana na Katiba. Ni msaada mzuri, lakini nisingejenga kesi nzima juu yake.

"Hana haki" ni uongo. Saa, siku ya mapumziko, hati ya mshahara yenye mchanganuo, usalama kazini, vyote anavyo tangu siku ya kwanza. Kifungu cha 46 kinasema kumlalamikia mwajiri, au kutaka kumlalamikia, si sababu halali ya kumfukuza mtu, isipokuwa lalamiko liwe la kipuuzi lisilo na msingi. Ndiyo maana lalamiko liwe kwa maandishi na liwe na tarehe. Ukifukuzwa wiki moja baada ya barua, mpangilio wa tarehe unajieleza wenyewe. Ukilalamika kwa mdomo kwenye ngazi, hakuna kitu.

Karo: makubaliano ya kurudisha gharama za masomo si haramu kwa yenyewe. Swali ni kiasi. Kampuni ionyeshe risiti za ada ilizolipa kweli KASNEB na chuo, na deni lipungue kadiri muda unavyotumikiwa. Aliyefanya miezi 18 kati ya 24 kudaiwa yote ni jambo la kupinga. Na asikatwe mshahara wa mwisho wote kufidia: makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili ya mshahara.

Vyeti: hakuna kifungu kinachompa mwajiri haki ya kushika vyeti asili kama rehani ya mtu. Aviombe kwa barua pepe fupi: "Naomba kuchukua vyeti vyangu asili kwa ajili ya usajili, nitaacha nakala." Wakikataa, afisa wa kazi huwaita, na mara nyingi hapo ndipo hutoka. Akiondoka kwa njia yoyote, hata kwa kufukuzwa, adai cheti cha utumishi chini ya kifungu cha 51. Si barua ya kumsifia. Ni jina la mwajiri, kazi aliyofanya, na tarehe za kuanza na kumaliza. Hawezi kunyimwa.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya kazi ya kaunti, ni bure. Abebe nakala ya barua ya kazi, hati za mshahara, taarifa ya benki na jedwali la saa. Afisa atamwandikia mwajiri na kuwaita wote wawili. Ikishindikana, barua ya madai kisha mahakama. Kwa anayelipwa si zaidi ya 80,000 kwa mwezi kwa jumla, kesi huweza kusikilizwa na hakimu, si lazima jaji. Muda wa kushtaki ni miaka mitatu, ila kwa dhara linaloendelea ni miezi 12 tangu likome, basi mtu aweza kumaliza majaribio, akapata kazi kwingine, ndipo adai, mradi asikawie. Wengi hufanya hivyo, na siwalaumu.

Zile jumbe za WhatsApp zikipelekwa mahakamani ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: simu gani, nani aliitoa, ilichapishwaje. Simu yenyewe asiiuze wala kuifuta.

Mpima Vyumba

Naona chumba kimesahauliwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo, na juu ya mita 4.5 kutoka sakafuni hakuhesabiwi. Chukueni futi ya fundi. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye dari ya mita 2.8 ni mita 56 za ujazo: watu watano. Hao ni tisa, na kabati za faili hapo sijazitoa.

Hewa pia ni wajibu wa mwajiri. Mkataba wake na wenye jumba kuhusu kiyoyozi ni wake yeye na wao. Aliyewataka watu wakae mpaka saa tatu usiku aongeze malipo ya hewa au afungue madirisha yanayofunguka na kuweka feni. Wakiwa 20 au zaidi kwenye kampuni, lazima pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na hapo ndipo mahali pa kulizungumza bila mtu kuonekana mkorofi.

Halafu kuhesabu stoku Desemba 31. Kijana anatumwa maghala ya Shimanzi au Changamwe na viatu vya ofisini, forklifti zinapita, magunia ya chai yamepangwa mpaka juu. Kofia ngumu, koti la kung'aa na viatu vya usalama vinatolewa na mwajiri, bure. "Utaazima kwa mteja" si jibu. Mteja ana saizi tatu za viatu na zote zimevaliwa. Akiumia huko yuko kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini inamhusu, mwajiri ana siku 7 tangu kuarifiwa kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kwa hiyo amwarifu kwa ujumbe siku hiyohiyo, ataje saa, mahali na waliokuwepo.

Ngazi ya Tatu

Nimalizie upande wa bila mahakama, kwa kuwa Jirani aliuliza habari ya jina.

Wasimfuate patna mmoja mmoja, na wasimpelekee neno "haki". Waende wawili, wampelekee karatasi moja yenye safu nne: kazi, saa zilizopangwa, saa zilizofanyika, sababu ya tofauti. Sababu ndiyo yenye nguvu. "Mteja alileta taarifa za benki wiki mbili baada ya tarehe ya kuanza, timu ilikaa saa 31 ikingoja." Hiyo patna aweza kumdai mteja nyongeza ya ada, au mwaka ujao aiandike kwenye barua ya makubaliano ya kazi kwamba nyaraka zikichelewa bei inapanda. Waombe iwepo namba ya pembeni kwenye taimushiti ya "kungoja mteja" na nyingine ya "kurudia kazi", ili saa ziandikwe zote bila kumchafulia meneja uwiano wake. Meneja mwenyewe ataifurahia.

Masurufu waombe kabla ya safari, si baada. Kwa Diani wapige hesabu ya matatu mpaka Likoni, matatu ya Ukunda, bodaboda mpaka hotelini, kwenda na kurudi, chakula, mara siku. Waitume siku tatu kabla wakiuliza tu "nani ataidhinisha?" Bila jibu, safari haianzi, na anayeulizwa na mteja kwa nini timu haijafika ni meneja.

Anayekalia mtihani wa KASNEB wa Aprili aombe siku zake za likizo Januari kwa maandishi, kabla ratiba ya msimu haijapangwa. Likizo ya kusomea haimo kwenye sheria, ni hisani ya kampuni, ila zile 21 ni zake. Akingoja mpaka Machi ataambiwa hakuna mtu wa kushika faili lake, na safari hiyo watakuwa wanasema kweli.